Siku Niliyosimamisha Korona

Wiki yangu ya mwisho kazini, kioo cha ile kompyuta kuukuu ya ofisi ya kumbukumbu za wagonjwa kiligoma kuonyesha picha. Kompyuta yenyewe inanguruma, taa yake inawaka, lakini kioo cheusi tii. Nilikuta ninyi mafundi vijana mmeshakifungua mgongo, bisibisi zimetapakaa mezani. Mmoja wenu anasema ni waya, mwingine anasema ni umeme, wa tatu ameshaanza kuandika barua ya kuomba kioo kingine. Bi Zena, mfagizi wetu, alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa chake mkononi, anafungua mdomo na kuufunga. Nikamuuliza alikuwa anataka kusema nini. Akasema asubuhi alipofuta vumbi, kitambaa kilikizungusha kile kitufe kidogo cha chini ya kioo. Mkakirudisha, picha ikaja.

Mlicheka mkasema mzee ana jini la kompyuta. Wallahi mimi kompyuta siijui hata inapoanzia. Nilichojua ni kumuuliza Bi Zena, na hilo nilijifunza kwa aibu, kabla hata wakubwa wenu hawajazaliwa. Niliwaahidi kwamba nikishapumzika nitawaandikieni. Vyeo nitaviacha, maana havikuwa vingi, na mishahara tuisitiri.

Nilianza kazi miaka ya hamsini, katika hospitali ndogo ya shamba moja la mkonge huko mbele ya Pongwe ukielekea bara. Nilikuwa kijana wa Mabawa, mjini Tanga, nimesoma kiasi cha kuandika jina la mgonjwa bila kulikosea sana. Nilifika nimevaa shati lililopigwa pasi mpaka likawa gumu, nikidhani nitapewa kazi ya karani. Nikaonyeshwa chumba kisicho na dirisha, kimepakwa rangi nyeusi mpaka darini, na ndani yake mtu mmoja mrefu amekaa kwenye kigoda, amevaa miwani myekundu kama ya mchomelea vyuma.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Funga mlango, unaniingizia jua."

Huyo ndiye Bwana Kaniki, Msambaa wa milimani, Mlutheri wa kila Jumapili, aliyejifunza eksirei jeshini wakati wa vita. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikuwa na kucha, na ngozi ya vidole hivyo ilikuwa nyeupe na ngumu. Siku ile ile alinionyesha. "Hii ni mionzi," akasema. "Haiumi inapoingia. Inakuja kuuma baadaye, umeshasahau." Kisha akanivika aproni ya risasi ya kuzuia mionzi, nzito hata magoti yakataka kukunjika, akasema nikiivua bila ruhusa yake atanirudisha Mabawa kwa miguu.

Mashine yetu ilikuwa imeshatumika nchi nyingine kabla ya kupandishwa meli kuja Tanga. Mgonjwa alisimama katikati. Nyuma yake kulikuwa na sanduku linalotoa mionzi, na mbele yake kioo. Ukikanyaga pedali, mionzi inampita mtu na kugonga kioo, nacho kinatoa mwanga wa kijani. Ndani ya mwanga huo unaziona mbavu, unauona moyo ukidunda, na kitu chochote cha chuma unakiona cheusi. Mara ya kwanza nilipouona moyo wa mtu hai nilitamani kukaa chini. Bwana Kaniki aliniambia kila mtu hutamani, na kwamba kigoda kile kiliwekwa kwa sababu hiyo.

Lakini mwanga ule ulikuwa hafifu mno. Mtu aliyetoka juani haoni chochote. Ilibidi macho yakae kizani kama dakika ishirini ndipo yaanze kuona, au uvae miwani myekundu muda wote uwapo nje, ili ukiingia chumbani macho yawe tayari. Bwana Kaniki aliivaa yake tangu chai ya asubuhi. Aliendesha baiskeli nayo, alikwenda nayo sokoni. Watoto wa kambini walimwita Macho ya Njiwa, naye aliwaitikia vizuri tu. Mimi nilipewa ya kwangu, nikaivaa siku mbili, wasichana wa kisimani wakanicheka, nikaanza kuiweka mfukoni kila nilipokuwa mbele ya watu.

Vifaa vyetu vingine vilikuwa vichache. Sanduku la fyuzi, kurunzi iliyofungwa kitambaa chekundu, makarai ya dawa za kusafishia filamu, na kanga moja iliyofifia. Hiyo kanga ilikuwa ubunifu wa Bwana Kaniki. Mtoto mdogo hasimami mbele ya mashine, basi alimfunga kwa kanga kwenye ubao ulio wima, kama mbeleko, mama akasimama mbele na kumshika mikono ili mtoto auone uso wake. Wapo waliokuja kukagua hospitali wakauliza kanga ile inafanya nini kwenye orodha ya vifaa. Aliwajibu kwamba ndiyo kifaa pekee humo ndani ambacho hakijawahi kuharibika.

Umeme wetu ulitoka kwenye injini ya kiwanda, ile ile iliyoendesha korona. Kwa wasioyajua mashamba ya mkonge, korona ni mashine ya kusaga majani ili zibaki nyuzi. Ilinguruma tangu alfajiri mpaka jioni, na sauti yake ilikuwa kama pumzi ya kambi nzima. Ilikuwa inakula mikono ya watu. Korona ikinyamaza katikati ya kazi, kila mwanamke kambini alijua kuna mtu amenaswa, na bado hajui ni mume wa nani. Lishikeni hili.

Nilikuwa nimemaliza mwaka wangu wa kwanza siku alipoletwa Sudi. Bwana Kaniki alikuwa amekwenda bandarini kufuatilia filamu zetu, maana tulikuwa tumeishiwa, hata moja hatuna. Kilichobaki ni kioo. Mama aliyeingia alikuwa mke wa karani wa mizani ya mkonge, mtu wa Mabawa kama mimi. Tulimwita Mama Sudi. Alimbeba mwanawe wa miezi tisa, na pua yake mwenyewe ilikuwa tupu, kitundu tu. Alisema mtoto alikuwa ananyonya, akakishika kipini cha mama yake, akakivuta, akakitia mdomoni. Kidogo akapaliwa, akakohoa mpaka akawa wa samawati, kisha akatulia. Lakini pumzi ilikuwa ina mluzi.

Daktari, Mzungu mmoja kijana asiyependa maneno mengi, alimsikiliza kifua, akaniita pembeni. Kama kipini kiko tumboni, alisema, kitatoka chenyewe na mtoto abaki hapa. Kama kiko kwenye njia ya pumzi, akibaki hapa atakufa, na mwenye mrija wa kukitolea alikuwa Mombasa. Gari la shamba lilikuwa linakwenda Mombasa siku hiyo hiyo kuchukua vipuri, linaondoka saa saba. Kumpeleka mtoto anayepumua hivyo kwa barabara ya Horohoro, vumbi na mashimo, bila sababu, nako ni kumuua. "Nina mkono wa mtu wa kushona," akasema. "Andaa mashine. Ukikiona kipini, niite, nije niamue."

Ilikuwa imekaribia Adhuhuri. Mtoto alikuwa analia kwa sababu ya watu na jua, na kulia kulizidisha mluzi. Nikamwambia Mama Sudi aingie naye chumba cheusi, akae kwenye kigoda, kuna ubaridi humo, atatulia. Kweli akatulia. Nikaona mashine imeshapata moto, daktari bado anashona, nina nafasi ya kuswali. Nikaenda msikiti wa kambini. Nikavua miwani myekundu ili nitawadhe. Msikiti ule ulikuwa umepakwa chokaa jana yake, na uwanja wake ni mchanga mweupe, jua la saa sita limesimama juu yake. Niliposwali nikatoka, miwani iko mfukoni. Vijana walikuwa wamesimama mlangoni, na mimi sikutaka utani wao siku ile.

Kosa halikuwa la sala, nisieleweke vibaya. Sala ilikuwa fupi kuliko aibu yangu ya kuvaa miwani.

Nikarudi, nikafunga mlango, nikamfunga Sudi kwa kanga ubaoni nikipapasa. Mama yake akasimama upande wangu, ameinama, mikono imepita kando ya kioo kumshika mtoto. Nikakanyaga pedali. Mashine ikanguruma kama kawaida. Kioo cheusi.

"Fundi," Mama Sudi akasema.

"Tulia, mama. Usimtikise mtoto."

Nikaachia, nikakanyaga tena. Cheusi. Nikawasha kurunzi ya kitambaa chekundu, nikaangalia mshale wa kipimo cha mionzi nikiwa nimekanyaga. Ulipanda. Nikafungua sanduku la fyuzi, fyuzi nzima. Nikashika waya mmoja mmoja kwa mpangilio niliofundishwa, tangu ukutani mpaka kwenye sanduku. Zote zimekaza. Nikakanyaga mara ya tatu.

"Fundi, hebu pale..."

"Nimesema tulia, mama. Mashine imeharibika."

Akanyamaza. Nasikia mluzi wa yule mtoto mpaka sasa nikiandika. Kizani mluzi huwa mkubwa zaidi. Niliogopa, sitaki kuwadanganya. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwalimu wangu yuko bandarini, na saa ya ukutani siioni lakini najua inakwenda.

Hapo ndipo akili yangu ikaruka kwenye korona. Nikajiambia korona inanyonya umeme wote, hata mionzi imekosa nguvu. Mshale ulikuwa umepanda mbele ya macho yangu, lakini mtu mwenye hofu haamini mshale. Nikapiga kelele mlangoni bila kuufungua, nikamtuma dresa, yule mfunga vidonda, akimbie kiwandani, aseme daktari ameamuru korona isimame. Daktari hakuwa ameamuru kitu. Nikarudi chini ya meza kupapasa waya ambazo nilishazipapasa.

Korona ikanyamaza.

Ukimya ule ulinifikia mpaka kwenye meno. Kisha nikasikia nyayo nje, nyingi, na sauti za wanawake. Walikuwa wanakimbilia hospitali kutoka kila upande wa kambi, kila mmoja akiuliza ni nani. Mmoja alikuwa anataja jina la mumewe tu, analirudia na kulirudia. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kizani, nimeshika waya, na nilielewa nilichokifanya.

Nikasimama, nikakanyaga pedali, kwa kukata tamaa tu. Kioo kikawaka kijani. Mbavu nyembamba kama miiba ya samaki, moyo unakimbia, na upande wa kulia, chini kidogo ya pale njia ya pumzi inapogawanyika, kipini. Kidogo, cheusi, kichwa chake kinaonekana vizuri kabisa.

Daktari alikuja na miwani yake myekundu usoni, akaivua kizani, akaangalia muda wa kuhesabu mpaka tano, akasema, "Mombasa." Tulitoka tukijua saa saba imepita na gari limeondoka. Gari lilikuwa mlangoni. Dereva aliposikia korona imenyamaza alidhani kuna majeruhi wa kupelekwa mjini, akaligeuza na kulileta kwa mwendo ambao sikuwahi kumwona nao tena. Mama Sudi akapanda na mtoto wake. Daktari akawatangazia wanawake kwamba hakuna aliyeumia. Baadhi walicheka, baadhi walikaa chini palepale mavumbini. Yule aliyekuwa akitaja jina la mumewe alinitazama, na nilitamani anitukane. Hakunitukana.

Bwana Kaniki alirudi Alasiri na maboksi yake ya filamu. Nilimsimulia kwa majivuno kidogo, maana kufikia saa hiyo kambi nzima ilikuwa inasema kijana wa Mabawa amegundua kwamba korona inaiba umeme wa eksirei. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia.

"Mshale ulipanda?"

"Ulipanda."

"Fyuzi nzima?"

"Nzima."

"Uliswali wapi Adhuhuri?"

Nikamwambia msikitini. Akanyoosha mkono ule wa vidole visivyo na kucha, akagonga mfuko wa shati langu. Miwani ikalia.

"Athumani," akasema, "mashine ina mwanzo na mwisho. Mwanzo ni injini ya kiwanda. Mwisho ni jicho lako. Wewe umeikagua yote, ukaacha mwisho. Ulikaa kizani ukipapasa waya mpaka jicho likapona lenyewe."

Nilimwuliza kama atamwambia daktari. Akasema hiyo ni kazi yangu, na nikishamaliza kwa daktari niende kwa yule mama akirudi. Kwa daktari nilikwenda. Alinikaripia, kisha akafikiri, akasema korona kusimama dakika kumi si jambo baya hata hivyo. Basi kwa karibu miaka miwili ikawa kila mtoto anapopimwa kwa kioo, honi ya kiwanda inapigwa mara tatu ili wanawake wasiogope, na korona inapumzika. Manamba, wale vibarua wa mkataba, walinipenda sana. Walikuwa wakiniuliza njiani kama leo hakuna mtoto mgonjwa. Meneja alipokuja kuligundua alilifuta, na alikuwa na haki.

Kwa Mama Sudi sikwenda. Alirudi kutoka Mombasa baada ya siku kadhaa, Sudi mzima, kipini kimerudi puani kimeoshwa. Alikuja na kuku na halua ya Tanga iliyofunikwa kawa. Akasema Mungu amenifanya sababu. Nilifungua mdomo nikaishia kusema alhamdulillahi. Sikukosa nafasi baadaye, nilikosa moyo. Kila Idi sahani ilikuja nyumbani kwetu. Mtoto alipojua kusema akaniita mjomba.

Bwana Kaniki aliugua vidole vile, vikakatwa, kimoja kwanza na kingine baadaye. Alipostaafu kurudi milimani aliniachia kigoda na ile kanga. Sikumwona mtu mvumilivu kama yeye, na nilimpenda. Nilihamia hospitali nyingine, zikaja mashine ambazo hazihitaji chumba cheusi, miwani myekundu ikawa kitu cha kuchezea watoto. Mimi yangu ninayo. Kila picha ilipopotea mahali popote, nilianza kwa kugusa mfuko wangu.

Nilidhani hilo ndilo somo lote. Nililibeba hivyo miaka mingi, mpaka Sudi alipooa.

Harusi ilikuwa Mabawa. Nilikalishwa na wajomba wa bwana harusi, na kila mgeni aliyeletwa aliambiwa, "Huyu ndiye aliyesimamisha korona." Sudi alikuwa amevaa kanzu na joho, mrefu, kifua kipana, na mimi nilikuwa nakijua kifua kile kwa ndani. Walipokwenda kumchukua bibi harusi nilizunguka uani, nikamkuta mama yake amekaa peke yake kwenye mkeka, anapumzisha miguu. Kipini kilikuwa puani mwake, kile kile.

"Mama Sudi," nikasema, "nna jambo lako la siku nyingi. Mashine siku ile haikuwa mbovu. Macho yangu yalikuwa yametoka juani. Korona nliisimamisha bure, na mwanao nlimweka kizani bure, anakosa pumzi. Kuku wako na sahani zako zote nimekula kwa uongo. Nisamehe."

Hakushtuka. Alikivuta kipini kidogo, kukiweka sawa.

"Najua, kaka."

"Bwana Kaniki alikwambia?"

"Hakunambia kitu. Nlikuwa nakiona." Akaweka kidole kifuani pake, upande wa kulia. "Ulipokanyaga mara ya kwanza tu. Nlikuwa nimekaa kwenye kiza kile tangu ulipokwenda kuswali, nikaona kioo kijani, na kifua cha mwanangu ndani yake, na kipini changu kimelala hapa. Nikakwita. Mara mbili nlikwita."

Nilizikumbuka zote mbili, neno kwa neno. Nilikuwa nimezisikia katikati ya mluzi na sikuwa nimezisikiliza. Nikakaa chini kwenye kona ya mkeka wake.

"Mbona hukunita mara ya tatu?" nikamuuliza. "Ulikuwa unakiona, na mtoto wako anakufa."

Alinitazama kwa huruma, mimi niliyemkosea.

"Ulisema imeharibika," akasema. "Nikadhani hivyo nnavyoona mimi ndivyo mashine inavyoonekana ikiwa mbovu. Mimi ningejuaje, kaka? Wewe ndiye uliyekuwa fundi."